Bi Fatuma aliposema "Wa kwangu"

Zuhura, mjukuu wangu,

Cheka tu. Mdogo wa bibi yako ni bibi yako, hata kama shule nimemaliza juzi. Dada amepona mguu, anakusalimu sana.

Unauliza mwenye haya kama mimi ataiwezaje kazi ya ustawi wa jamii. Mwezi uliopita nilimkalimania dona, mwanamke afisa wa serikali, aliyekuja kijijini kwetu Quiterajo kuandika watoto waliopotezana na wazazi wakikimbia vita. Mbele ya watu, alimuuliza jirani yetu Bi Fatuma, mtoto aliyekuwa naye akisikia, "Huyu wa nani?"

"Wa kwangu! Huoni pua?"

Watu wakacheka. Mimi nilijua alimkuta njiani, na asipoandikwa mamake hatampata. Lakini nani kwetu atamkana mtoto naye anasikia? Nikamnong'oneza dona amuulize tena jikoni, peke yake. Huko akasema kweli.

Zamani wangempeleka kwenye kituo cha kulelea watoto. Siku hizi mtoto hubaki alipozoea hadi wazazi wapatikane. Juzi mamake alifika kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Bi Fatuma akafunga nguo za mtoto huku akinigombeza, "Wewe na kunong'ona kwako, umeninyang'anya mwanangu!" Kisha akanishika mkono, tukawasindikiza mpaka kwenye gari.

Nitaje kwenye dua zako.

Bibi yako mdogo,
Mwanaisha