Kitabu cha Jalada la Kijani

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo nyumbani, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba hukai tena kwenye cherehani kutwa nzima bila kunyoosha miguu. Mimi afya ninayo, ila nguo zimeanza kunipwaya, na ukisoma hadi mwisho utajua sababu. Najua umenipigia simu wiki tatu mfululizo na sikupokea. Najua pia ulimwambia binti yako mkubwa aniandikie ujumbe kuniuliza kama nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa na jambo baya kuliko hasira, nalo nitalifikia. Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu humo ndani, na haya ni ya macho yako peke yako. Ukimaliza kusoma, ichane.

Unakumbuka nilikuambia mwaka huu nimepewa kidato cha tatu. Kila muhula darasa zima husoma kitabu kimoja cha hadithi cha Kiingereza, kwa sauti, kwa zamu, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Miaka yote kitabu nimechagua mimi, na miaka yote wamenisinzilia. Safari hii nikasema wachague wenyewe. Niliweka vitabu vitatu kwenye meza ya mbele, wavishike, waonje kurasa za mwanzo kwa siku mbili, halafu wapige kura. Viwili nilikuwa navijua nje ndani. Cha tatu kililetwa na mtunza maktaba wetu, mama mmoja mpole ambaye amekaa maktaba hiyo miaka kumi na tisa. Alikuja nacho kwenye kitoroli chake kinacholia magurudumu, jalada la kijani, akasema nakala zake arobaini na tano zipo kabatini hazijaguswa, na kwamba anavyonijua mimi, nitakipenda. Sikukisoma kwanza. Ndiyo, mwalimu mzima. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha mpaka kidevuni.

Basi wakapiga kura. Kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, ishirini na tisa walitaka cha kijani. Yupo binti mmoja tunamwita Wakili kwa ubishi wake. Huyo alisimama kukipigia debe, akasema vitabu vingine viwili mwisho wake unajulikana tangu jalada, lakini hiki hajui wale wasichana wataponea wapi. Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga makofi, mjinga mimi.

Siku hiyo mchana nilirudi nacho nyumbani, nikakaa mezani nikakisoma. Kufika ukurasa wa thelathini na mbili, dada mtu anavaa sketi ya shule ya mdogo wake, anachukua kadi ya mdogo wake, anaingia kwenye chumba cha mtihani na kumfanyia mtihani wa Kiingereza. Dada, nilikifunga kile kitabu, nikainuka nikaenda kuangalia kama mlango nimeufunga.

Acha niliseme kwa maneno, maana tangu siku ile mimi na wewe hatujawahi kulitamka. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa majaribio mara mbili. Wewe ulikuwa umemaliza mwaka mmoja kabla yangu, na Kiingereza ulikuwa unakimwaga kama maji. Mama akasema tunafanana na picha ya kwenye kadi ni giza tupu. Ukavaa sare yangu na viatu vyangu vilivyokubana, ukaenda. Mimi nilijifungia chooni kwa shangazi saa tatu nzima, mlango nimeuzuia kwa goti kwa sababu komeo lilikuwa bovu. Matokeo yalipotoka, alama yangu ya Kiingereza ilikuwa ya kwanza shuleni, na ndiyo iliyonipeleka chuo cha ualimu. Huko nilisoma kama kichaa ili nifanane na ile alama, na leo naweza kusema Kiingereza nakijua. Lakini cheti kilichonifungulia mlango ni jasho lako. Wewe unashona sare za shule, mimi nafundisha waliozivaa.

Sasa niambie, kati ya hadithi zote zilizoandikwa duniani, hii inafikaje kwenye meza yangu? Nilijua kuna mtu anajua. Nikaanza kuwapima watu mmoja mmoja. Mkuu wa shule alipita dirishani mara mbili wakati tunasoma, na mara ya pili alisimama. Kwa nini alisimama? Mwalimu wa hesabu aliniuliza ofisini kama kitabu ni kizuri, na alivyouliza alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Mtu anakoroga nini kama si mawazo? Hata mlinzi wa getini alipolinganisha sura yangu na picha ya kitambulisho changu, kama anavyofanya kila asubuhi kwa kila mtu, nilikinyakua kabla hajamaliza. Nikawa mtu wa kuingia ofisi ya walimu na kunyamaza kwanza nisikie nani amenyamaza.

Kisha Wakili akanimaliza. Tulikuwa tumefika sura ya nne. Akanyoosha mkono akauliza kama huyu mdogo mtu, akija kusoma baadaye kwa bidii na kuwa mtu wa maana, bado ni mwizi au deni limekwisha. Arobaini wakageuka kunitazama. Nilimtuma aende kuleta chaki ilhali boksi zima lilikuwa mbele yangu, na aliliona.

Lakini niliyemshuku kuliko wote ni mtunza maktaba. Yule aliyeniambia anavyonijua nitakipenda. Ananijua nini? Nikakumbuka likizo ulipokuja kunitembelea, ukampima nguo pale sebuleni kwangu, mkacheka, mimi nikiwa jikoni. Uliinama na futi yako kiunoni kwake muda mrefu. Wakati wa kupimwa nguo watu husema mengi. Nikaacha kumsalimia vizuri. Akiniwekea kiti, nakaa kingine.

Wiki iliyofuata barua ikafika mezani kwa mkuu wa shule, bahasha haina jina. Ilisema mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu anawafundisha watoto kuiba mitihani kwa kutumia kitabu, na ilitiwa saini ya mzazi mwenye uchungu. Shule yetu ilishaonywa mwaka jana kuhusu wizi wa mitihani, kwa hiyo mkuu hakusubiri. Kitabu kikasimamishwa siku ile ile, nakala zote zikafungiwa kabatini, na sisi tukarudi kwenye sarufi. Wanafunzi walinuna kama wamenyang'anywa chakula.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Printa ya maktaba ina ugonjwa wake wa miaka mingi, huacha mstari mweusi mwembamba upande wa kulia wa kila karatasi, na hakuna mwalimu asiyeujua maana mitihani yetu yote inatoka pale. Ile barua ilikuwa na mstari huo huo. Mkuu akaiinua juu kikaoni, na macho yote yakamwendea mtunza maktaba, kwa sababu funguo za maktaba ni zake. Ikasemwa kwamba kitabu alileta yeye ili kunitega, kisha akanichongea. Ikaamuliwa kwamba mwisho wa mwezi huu anaondolewa shuleni, aende kukaa kwenye ghala la wilaya kuhesabu madawati, na barua ya onyo iingie kwenye faili lake, yeye ambaye amebakiza miaka miwili astaafu. Mimi nikawa ndiye mwenye kuonewa huruma. Mwalimu wa hesabu alinimiminia chai kwa mkono wake.

Mtunza maktaba hakulia. Nilimkuta anachonga penseli za watoto, moja baada ya nyingine, zimejaa kopo. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi naamini ni yeye. Nikamjibu kwamba sijui. Dada, nilimjibu hivyo huku nikimtazama usoni.

Juzi nilikwenda maktaba yeye akiwa kwa mkuu, nikafungua faili la vitabu vilivyoagizwa. Sikwenda kumsaidia, usinipe sifa hiyo. Nilikwenda kutafuta ushahidi kwamba alikiagiza makusudi kwa ajili yangu, niwe na la kujishikia moyoni. Nikapata karatasi ya miaka miwili iliyopita, orodha ndefu ya vitabu vya Kiingereza. Mbele ya kila kitabu yalikuwa maneno machache ya kukieleza. Mbele ya hicho cha kijani paliandikwa kwamba ni hadithi ya madada wawili wanaopendana. Basi, hayo tu. Na pembeni palikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na chini saini yangu. Nilikiagiza mimi. Niliona madada wawili nikakukumbuka, nikatia vema, nikasahau. Yule mama alikuwa ananiletea kitabu nilichokitaka mwenyewe, ndiyo maana akasema nitakipenda.

Nilikaa kwenye kiti chake, karatasi mkononi. Maana kuna ambalo bado sijakuambia, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Ile barua niliiandika mimi.

Nilijua nikikikataa kitabu mwenyewe baada ya kura, Wakili ataniuliza sababu mbele ya darasa, na sababu sina ya kutoa. Nilitaka katazo litoke juu, nami nionekane nimeonewa. Siku moja mchana mtunza maktaba alikwenda kutibiwa jino. Aliniachia funguo zake mimi, si mwingine, pamoja na jinsi nilivyokuwa namnunia. Nikaketi kwenye kompyuta yake nikajishtaki kwa lugha kali ya mzazi. Ule mstari mweusi sikuukumbuka kabisa. Nimeuona miaka mingi mno hata siuoni tena. Na aliposhikwa yeye, nilifurahi. Kwa siku tisa nilifurahi, nikidhani nimempata anayejua.

Na wewe pia nilikushuku. Niliona umeniuza kwa mtu uliyempima nguo mara moja, tena kwa kicheko. Ndiyo sababu simu yako ililia nami nikaitazama mpaka ikanyamaza. Kati ya watu wote, nikamshuku yule yule aliyenisitiri miaka ishirini na mmoja bila kuniomba hata kitambaa. Nakuomba radhi, dada, na najua haitoshi.

Jana nilikwenda kwa mkuu wa shule. Nilimwambia barua ni yangu, nikamwonyesha karatasi yenye saini yangu, nikamwambia yule mama hana kosa hata chembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka taratibu. Akasema mtu hajiandikii mashtaka mwenyewe. Akasema anajua sisi ni marafiki na moyo wangu mzuri utaniponza. Nilipong'ang'ania, aliweka kalamu chini akaniambia nimpe sababu moja tu, moja, ya mwalimu kujichongea kwa mkuu wake. Nikaikunja ile karatasi yenye saini yangu. Akanipa pole, akaniambia nirudi darasani.

Sababu hiyo moja ninayo, nawe unayo, na hakuna mwingine tangu mama yetu afariki. Kwa hiyo nakuarifu. Sikuombi ruhusa, maana nikikuomba utanikatalia kwa kunihurumia, kama ulivyonikubalia kwa kunihurumia siku ile. Barua hii itakufikia kabla ya Alhamisi. Ijumaa saa nne asubuhi nitarudi ofisini kwa mkuu na cheti changu mkononi, na nitamwambia ni nani aliyekaa kwenye kile chumba cha mtihani. Jina lako sitalitaja, lakini ninaye dada mmoja tu na hilo wanalijua. Huenda wakaja kukuuliza. Waambie ulikuwa mtoto na uliambiwa na mama, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Na shemeji mwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa fundi mwenzako sokoni.

Mimi kazi nitaipoteza, hilo nimeshalipokea. Nimeanza kupanga madaftari ya darasa ili atakayekuja asipate tabu. Naogopa, dada. Naogopa kuliko siku ile ya chooni, na safari hii sina wa kunivalia sare. Lakini yule mama ana miaka kumi na tisa ya kuwachongea watoto wa watu penseli, na siwezi kumwona anabeba vitu vyake kwenye kitoroli kwa ajili yangu.

Nisalimie watoto, na yule binti yako mkubwa mwambie mama yake mdogo hakukasirika hata kidogo. Msalimu shemeji, na umpe pole yangu mapema. Upumzishe mgongo. Usinipigie kabla ya Ijumaa. Nikisikia sauti yako sitakwenda.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi kukuambia ahsante.