Firigisi ya Velosirapta

Jumapili jioni

Eti bata mzinga! Ochieng wangu alicheka hadi akakohoa, na mume huyu hata akikohoa ni mzuri.

Ni ile filamu ya jana. Velosirapta wao, yule dinosaria mwindaji, alikuwa mrefu kumpita mtu, ngozi tupu kama kenge. Nikamwambia kwamba wanasayansi wameona alama za manyoya kwenye mfupa wake wa mkono, na ukubwa wake ulikuwa wa bata mzinga. Tukawekeana dau: akikosea, firigisi ya kuku wa leo ni yangu. Firigisi, ambayo kwao ni ya baba mwenye nyumba tu!

Leo alisoma mwenyewe kwenye simu, akakubali. Akaniwekea firigisi sahanini polepole, kama anayezika mtu.

Hapo hapo mama yake akaingia kutoka Kombewa, bila hata kubisha. Wiki tatu za ndoa, na mkwe ameshika firigisi! Nilijua nimekwisha.

"Nyar Alego, hiyo ni nini kwa sahani yako?" akauliza, akiniita binti wa Alego, kwetu.

"Mama, nimeshindwa na dinosaria," Ochieng akasema. "Kwa filamu anatisha, kumbe ana manyoya kama kuku."

Mama akaketi, akanitazama.

"Kula, mama. Unadhani baba yake aliwahi kuona firigisi? Nilikuwa namwambia kuku wa siku hizi hawana."

Ochieng akaitazama sahani yangu. Nikamhurumia, nikamkatia nusu, kwa mapenzi.

Ile nusu ndogo.