Tairi la Safari ya Jambiani

Maskati

Salma, mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila goti. Bado anaziota ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe.

Umeniuliza maana ya 175/70 R13 kwenye tairi lako. 175 ni upana wake kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia sabini ya upana huo. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Usinunue kabla hujazisoma zote.

Mimi ujanani nilisoma kwa mazoea ya chuoni, tulikosoma Kurani, kuanzia kulia: nikaona 13, nikatosheka. Nilikuwa nakwenda Jambiani kumuaga bibi yangu, maana kesho yake nilikuwa nahama Unguja. Tairi lilikuwa pana mno. Likasuguana na madigadi mpaka likapasuka njiani, Tunguu.

“Rimu umeiuliza, yakhe,” fundi wa hapo alinicheka, “gari hukuliuliza!”

Sikufika. Baadaye niliambiwa bibi alikaa barazani mpaka magharibi, na kila akisikia gari akisema, “Huyo, keshafika.”

Babu yako,
Seif