Mndimu Uliokunywa Maji ya Udhu

Mjukuu wangu Sharifa,

Kuna jambo nililomficha bibi yako mpaka tukamzika. Nakuambia wewe kwa kuwa pumzi zangu zimebaki chache.

Marahaba, mke wangu mdogo. Hapa Mnyambe hatujambo. Mikorosho inatoa maua, na mjomba wako amepata binti.

Unauliza kama mndimu unaweza kuzaa ndani ya ndoo, hapo barazani kwako. Unaweza, ila toboa ndoo chini. Serikali ilipofungulia bidhaa za nje miaka ya themanini, ndoo za plastiki zikajaa Newala. Ya kwetu ilipata ufa, bibi yako akapanda mndimu ndani yake. Maji tulikuwa tunayafuata bondeni kwa kichwa, hayakutosha kumwagilia mti. Akaiweka ndoo mahali pa kutawadhia.

"Baba Hamisi, mti huu utakunywa maji ya udhu wako," akaniambia.

"Mimi nisiyesali?"

"Basi utakauka, na wageni wataona."

Nilikuwa mwalimu, naogopa macho ya watu. Kila adhana nikawa natawadha juu ya ndoo ile, naingia chumbani, nakaa kimya hadi muda upite. Bibi yako akafurahi sana, akidhani nimerejea kwa Mola.

Alfajiri moja nilipoinama kunawa uso nikaiona ndimu, ndogo kama punje ya mbaazi, pale ua lilipodondoka. Katika ndoo mbovu, kwa maji ya mtu kama mimi! Nikamaliza kutawadha, nikatandika mswala.

Siku hiyo ndipo niliposali. Kabla yake, Sharifa, nilikuwa natawadha kwa ajili ya mti tu.

Babu yako