Koti la Marehemu

Italia, 14 Novemba 2009

Shemeji Yesaya,

Simu zako nimeziona, sikupokea kwa makusudi. Naandika ili uwasomee wazee.

Kwaya yetu imeimba vizuri. Leo mimi na wenzangu wa kwaya, Tusekile na Subilaga, tumezunguka kwa miguu kijiji kizima tulichofikia, kando ya ziwa. Vichochoro ni vya mawe, vinapanda kama njia zetu za Ileje. Ziwani kuna mawe ya kufulia. Bibi mmoja alitusogezea sabuni, tukafua kanga zetu huku tukicheka naye, ingawa hatukuelewana hata neno moja. Baridi ya huku inaingia mifupani.

Nasikia Jumamosi iliyopita ukoo ulikaa ukuvishe koti la marehemu kaka yako, unirithi mimi pamoja na nyumba, na koti halikuonekana. Msiwasumbue wanangu kulitafuta. Siku ya matanga niliwaambia sirithiwi, mkasema ni uchungu wa msiba unaongea.

Koti ninalo, nimelivaa hapa ninapoandika. Kabla ya safari nilimpelekea fundi pale Isongole, akalipunguza mabega na mikono. Hata nikirudi nalo, shemeji, halitakuenea.

Tumpale,
mjane wa kaka yako