Nimepangiwa Fildi Huko Huko Kambini

Gungu, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute uvimbe wa mguu umepungua. Unaweza kwenda bombani mwenyewe, au bado kaka Leonidasi ndiye anayekuchotea maji? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kukuletea habari nusu.

Masomo ya darasani tumemaliza. Sasa kila mwanafunzi wa maabara lazima aende fildi, yaani akafanye kazi kwa vitendo hospitalini au kwenye zahanati, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Nafasi tunajitafutia wenyewe. Wenzangu wameomba Tabora na Mwanza, mmoja anakwenda Tanga kwa shangazi yake. Mimi kibali changu cha mkimbizi cha kutoka kambini kinaishia kwenye mipaka ya manispaa hii. Nikivuka kizuizi cha barabarani tu, nimevunja sheria. Basi nikazunguka hapa hapa mjini na bahasha zangu, kwa miguu. Wananipokea vizuri, mama. Wanasoma alama zangu wanatabasamu, halafu wakifika penye uraia, uso unabadilika. "Acha barua yako, tutakupigia." Nami simu sina, na wanajua.

Mama Zuhura, huyu mama muuza dagaa anayenihifadhi hapa Gungu, aliniona narudi hivyo kila jioni. Siku moja akaniambia, "Goreti, kuna zahanati ya mtu binafsi kule Buzebazeba, wanatafuta msaidizi wa maabara. Nenda kaseme wewe ni Muha wa Kagunga, kule mpakani, mtoto wa dada yangu. Kiha unakiongea kama sisi. Nani atajua?"

Nikalala nalo hilo neno. Asubuhi nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda.

Mwenye zahanati ni mzee mpole. Alinipa hadubini, akaniambia nimsomee damu ya mgonjwa aliyekuwa anasubiri. Nikamwonyesha vijidudu vya malaria, naye akachungulia, akaridhika. Akasema, "Jumatatu unaweza kuanza. Kwenu wapi?"

Nikasema Kagunga.

Akafurahi. "Kagunga nimeoa mimi. Baba yako ni nani pale?"

Mama, ningeweza kutaja jina lolote. Lakini baba kweli yuko Kagunga, tulimwacha pale pale tuliposhuka kwenye boti, na mkono wako ndio uliomfunika kitenge. Sikuweza kumpa baba mwingine mahali alipolala yeye. Nikasema, "Baba yangu ni Melkiori, mzee. Amezikwa Kagunga. Sisi ni wa Burundi, tuko kambini. Kibali ninacho."

Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Binti yangu, wakaguzi wakikukuta hapa watanifungia mlango. Ungenyamaza tu, ingekuwa rahisi kwetu sote wawili." Akanisindikiza mpaka nje, akaniagiza nimsalimie Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikasirika. "Ulishaingia ndani, ukajitoa mwenyewe." Wakati wa kula akanisogezea sahani ya ugali na samaki wa mgebuka, akasema, "Kula. Baba ni baba."

Juzi mwalimu wetu wa maabara akaniita. Uso wake ulikuwa na furaha. "Goreti, nimekupatia nafasi. Zahanati ya kambini kwenu wanakuhitaji. Si ni nyumbani?" Nikamshukuru. Amehangaika sana kwa ajili yangu, na hakuelewa kwa nini nilikaa chini.

Wewe unaelewa. Nikifika getini kibali nakirudisha. Ili nitoke tena kuja kufanya mtihani, lazima niombe upya, na unajua yule kijana wa jirani yetu mama Donata anavyosubiri cha kwake mpaka leo. Nisipokuja, mtihani sifanyi. Nikija, labda sitoki. Nimeligeuza jambo hili kila upande, sioni pa kupenya. Miaka yote hii nimesoma ili nipite lile geti, na masomo yenyewe ndiyo yananirudisha.

Lakini nimekubali, mama. Nitakuja Jumamosi na lori la mahindi. Nitafutie mahali pa kulala, najua kona yangu wameshaichukua watoto wa kaka.

Nisalimie kaka Leonidasi na mkewe, mwambie wifi kitenge alichoagiza nimekipata. Nisalimie bibi mkunga na mama Donata. Katekista mwambie aniombee, asiniulize maswali.

Na majirani wakiona nashuka na sanduku, usiwaambie Goreti amerudi. Waambie amekuja kazini.

Ni mimi mwanao ninayekuwaza,
Goreti