Tiki za Siku Ambazo Kukhu Hakumeza Dawa

Langas, Eldoret
Jumamosi, 7 Juni 2025

Kwako Mshauri Kabura,

Leo nimeamua kukueleza yote bila kuficha hata lile linaloniaibisha, kwa hivyo nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kunikasirikia. Jina langu ni Janice Nakhumicha, niko kidato cha tatu, na naishi na nyanya yangu Tryphosa, ambaye sisi humwita kukhu, kwa sababu mama yangu anafanya kazi ya shamba huko Soy na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Moyo wa kukhu umechoka, ndivyo tulivyoambiwa mwaka jana, yaani hausukumi damu kwa nguvu ya kutosha na maji yanabaki mwilini hadi miguu inavimba, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayempa dawa kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Dawa ni tatu na nesi Cherono wa kliniki alinifundisha kazi ya kila moja. Enalapril inalegeza mishipa ya damu ili moyo usisukume kwa shida, digoxin inaufanya moyo upige polepole na kwa nguvu zaidi, na furosemide, ambayo nyumbani tunaiita dawa ya maji, inatoa yale maji kwa njia ya mkojo. Alinionyesha kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa kukhu na kuhesabu mapigo dakika nzima nikitazama saa, na akasema yakiwa chini ya sitini nisimpe digoxin, niwaarifu siku hiyohiyo. Akanieleza pia kwamba dawa ya maji hutoa na madini ya potasiamu, na potasiamu ikipungua sana digoxin inaweza kuudhuru moyo hata kama kipimo hakijabadilika. Nilipomrudishia maneno hayo yote bila kukosea aliniambia nitafaa kuwa nesi, na mimi nimeshikilia neno hilo hadi leo.

Kila dawa anayomeza naiwekea tiki kwenye daftari, na Cherono aliwahi kuliinua daftari hilo mbele ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi akasema, "Mnaona kazi ya huyu msichana? Nyinyi mnaniletea midomo tu."

Sasa aibu yangu inaanzia hapa. Kukhu ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, anakaa benchi la mbele, na dawa ya maji humpeleka chooni mara nne au tano kabla ya saa sita. Choo cha kanisa hufungwa kwa sababu wapita njia walikuwa wanakichafua, na ufunguo unakaa na Mzee Mulongo kwenye kiti cha nyuma kabisa. Mzee Mulongo ni mtu mwema, lakini akimwona kukhu anasimama yeye huuinua ufunguo juu ili kukhu asihangaike kumtafuta, na kanisa lote linageuka kutazama. Tangu Januari kukhu amekataa dawa ya maji kila Jumapili, na tena Jumatano wanapotembelea wagonjwa na Ijumaa wanapokutana kwa maombi.

"Weka tiki," aliniambia Jumapili ya kwanza.

"Kukhu, lakini hujameza."

"Nitameza kesho. Kwani kesho imefutwa?"

"Cherono alisema kila siku."

"Cherono alishawahi kukaa mbele ya Mulongo na ule ufunguo wake? Mimi nimelea nusu ya watoto wa hilo kanisa, sasa wanihesabie safari za choo? Weka tiki, Nakhumicha, usinitie aibu kwa watu wa hospitali."

Nikaweka. Nilijiambia ni siku moja tu, kisha zikawa siku tatu kila wiki, na daftari likabaki safi kama la mwalimu. Alinifanya niahidi kwamba sitamwambia Cherono, na akasema nikimwambia sitashika dawa zake tena, atazishika mwenyewe, naye hasomi vizuri maandishi madogo ya pakiti.

Tarehe 29 Mei tulienda kliniki miguu ikiwa imevimba hadi magotini. Daktari alibonyeza mguu, kidole kikaacha shimo, akafungua daftari langu, akamuuliza kukhu, "Mama, unameza kila siku na bado uko hivi?" Kukhu akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Daktari akasema basi dawa ya maji haitoshi, akaiongeza kutoka kidonge kimoja hadi viwili. Mshauri, tiki zangu ndizo zilizoongeza kile kipimo. Nilikuwa nimesimama pale na sikusema.

Tangu hapo anameza viwili siku za nyumbani na siku za kanisa hamezi hata kimoja. Vile anavyoruka anavihifadhi kwenye kopo la majani chai, na Alhamisi hii alivitoa viwili akaviongeza kwenye viwili vya siku hiyo ili kufidia Jumatano, akavimeza vyote vinne nikiwa shuleni. Jana asubuhi misuli ya miguu ilikuwa inamkaza, alipoinuka kitandani kizunguzungu kikamshika hadi akajishikilia kwa mlango, na chai hakuitaka. Nilihesabu mapigo yakawa hamsini na nane, nikahesabu tena yakawa yaleyale, kwa hivyo sikumpa digoxin, lakini sikuiarifu kliniki kwa sababu wangeniuliza kwa nini. Leo ni sitini na nne na amekula uji nusu kikombe. Anasema ni uchovu tu.

Kliniki yetu ni Alhamisi ijayo. Nitaileta barua hii mwenyewe ofisini kwenu gazetini, mjini, na nimeandika namba yangu nyuma ya bahasha. Nampenda kukhu na sitaki kumvunjia heshima, ila naogopa kwamba daktari ataongeza tena kipimo kwa kuamini daftari langu. Je, nivunje ahadi niseme ukweli sasa, au ningoje Alhamisi nijaribu kumshawishi kukhu aseme mwenyewe? Tafadhali nijibu mara tu upatapo barua hii.

Janice Nakhumicha

*

Janice,

Barua yako ilinifikia Jumamosi saa tano na nilikupigia saa tano na dakika kumi, kwa hivyo unalijua jibu langu: kukhu apelekwe hospitali siku hiyohiyo na ukweli usemwe. Ninalichapisha hapa gazetini kwa sababu mezani kwangu kuna barua za watu wazima wenye kosa kama lako ambao hawajahesabu hata pigo moja la moyo.

Hukupaswa kungoja Alhamisi, wala hukupaswa kuningoja mimi. Mtu mwenye digoxin mwilini anayepoteza maji mengi, misuli inamkaza, anapata kizunguzungu, anakataa chakula na mapigo yanashuka, huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Ulifundishwa hivyo. Nusu ya kwanza uliifanya vizuri, ulihesabu mara mbili ukazuia dawa, na kuna watu wazima ambao wangempa tu. Nusu ya pili uliiacha kwa sababu ya kuogopa swali. Usirudie tena, maana kumzuilia mgonjwa dawa na kunyamaza ni kumwacha peke yake.

Kuhusu ahadi, nitakuwa mkali kidogo. Kukhu wako hakuwa na haki ya kukutaka uifanye, na wewe hukuwa na haki ya kuitimiza, kwa kuwa daktari anatibu kile anachokiona na wewe ulimwonyesha mwili wa mtu mwingine. Ile miguu ilikuwa inalilia kidonge kimoja kilichomezwa kila siku, ikapewa viwili vinavyomezwa siku nne kwa wiki. Hukukusudia kumdhuru, naamini. Lakini tiki ni ushahidi, si adabu ya kumfurahisha mzee.

Kwako pia, Mama Tryphosa, kwa sababu najua utasomewa ukurasa huu. Pole kwa ile aibu, mimi pia ni mwanamke wa benchi la mbele. Lakini umemwekea mjukuu wako mzigo ambao ungepaswa kuupeleka kwa Mulongo. Mwambie auache mlango wa choo wazi wakati wa ibada, na wewe ukae mwisho wa benchi karibu na ukuta. Nimemuuliza mfamasia ninayemwamini, akaniambia kwamba dawa ya maji mara nyingi inaweza kusogezwa hadi baada ya ibada, mradi isiwe jioni sana, ila saa hiyo ipangwe na kliniki, si na wewe. Kidonge ulichoruka hakifidiwi kwa kuongeza vingine. Vile vya kwenye kopo virudishwe vyote kwa nesi.

Janice, haya ndiyo ya kufanya kila mara kuanzia sasa. Dawa asiyoimeza inaandikiwa msalaba, na kando yake sababu, hata kama sababu ni kanisa. Mwambie kukhu ana kwa ana kwamba umesema, kabla hajaambiwa na mtu mwingine, kisha uvumilie akinuna. Atanuna. Mpigie mama yako huko Soy, kwa maana msichana wa kidato cha tatu hapaswi kulinda moyo wa mtu bila mtu mzima nyuma yake.

Na ukifika mbele ya Cherono usianze kwa kulia wala kwa kumtetea kukhu. Mpe daftari na umwambie hivi: "Tiki za dawa ya maji za Jumatano, Ijumaa na Jumapili tangu Januari si za kweli, mimi ndiye niliyeziandika." Huenda akakugombeza, na atakuwa na sababu. Usitoke nje. Akishamaliza atahitaji kujua ni nani atakayeandika daftari jipya kuanzia siku hiyo, na hapo umwambie ni wewe.

Mshauri Kabura